Skrini Bila Waya

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza kazi ya ofisi! Steshenari ya Shangazi Debora, pembeni ya soko la Kilosa. Saa mbili kasoro nilikuwa nimefika. Mapema mno. Nikazunguka soko mara tatu ili nisionekane nina kiherehere. Mara ya tatu muuza nyanya akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.

Niweke kumbukumbu sawa. Kazi nimeipata kwa sababu Shangazi aliuliza kama najua kompyuta, nikajibu tuliisoma shuleni. Si uongo kabisa. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sisi tuliichora kutoka ubaoni na kutaja sehemu zake. Kwenye kuchora nilipata tisini na mbili.

Sasa balaa. Skrini ya Shangazi ilikufa Jumamosi. Ilitoa moshi kidogo, ikazima, mteja akakimbia na karatasi yake. Mama akajitokeza na ufumbuzi. Kaka yake, Mjomba Kasian, ni mtunza stoo katika hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Hoteli imebadilisha skrini za mapokezi, zile za zamani wafanyakazi wakagawiwa. Mjomba ametuma ya kwake kwa basi. Imefika leo mchana imeviringishwa shuka jeupe, kama maiti ya mtu mwenye heshima zake. Kubwa, nyembamba, safi. Waya wa umeme upo. Waya wa kuiunganisha na kompyuta haupo.

Ule wa skrini iliyokufa hauchomoki. Umeota humo humo kama mkia.

Doto akasema, bila kuinua macho kwenye mashine ya kopi, kwamba tumpigie huyo mjomba tumuulize waya wake uko wapi. Doto ni mpwa wa mume wa Shangazi. Ana miaka ishirini, na anaongea na wateja kana kwamba amezaliwa nao tumbo moja. Nilitaka kukubali. Lakini aliyesema ni Doto! Nikasema hakuna haja, waya nitautafuta mwenyewe, jambo dogo. Akaniita Injinia. Wateja wawili wakacheka.

Jioni nikamuuliza Mama. Alishtuka kana kwamba nimesema tumdai Mjomba figo. Mtu kakupa skrini, unamuuliza waya? Tena kaitoa kwa ajili ya wifi yake Mama! Kesho wifi asimame sokoni atangaze kwamba ukoo wetu hutoa vitu nusu nusu? Aliyekupa shuka humdai mto. Nisithubutu kupiga hiyo simu.

Basi haipigwi.

Shangazi naye ametoa hukumu. Mpunga wake wa Kilangali unaanza kuiva na aliyekuwa akiamia ndege wasiule ameondoka. Steshenari haihitaji wasichana wawili. Jumatatu ijayo asubuhi skrini ikiwa inawaka, mimi nabaki kwenye kompyuta na Doto anakwenda Kilangali. Isipowaka, Doto anabaki, mimi nakwenda kusimama shambani kutwa nzima mpaka mavuno, kupiga debe na kupiga kelele.

Kelele! Mimi! Darasani nilikuwa naitika "nipo" na mwalimu anaandika mtoro.

Lazima iwake.


Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda dukani kwa Cosmas, anayeuza chaja, spika na waya za kila namna. Sentensi yangu niliiandika kiganjani nisije nikakwama: "Naomba waya wa kuunganisha skrini na kompyuta." Njiani nimeirudia mara kumi na tano. Nilikuta watu wanne. Nikawapisha wote. Wakaja wengine watatu. Nikawapisha. Mwishowe Cosmas akaniuliza kama nimekuja kununua au kupunga upepo. Nikafungua kiganja. Jasho lilikuwa limefuta kila kitu isipokuwa "Naomba".

Nikasema naomba waya. Wa nini? Wa skrini. Akauliza ninataka VGA, HDMI, DVI au DisplayPort. Alivyoyataja, ungedhani ni majina ya shemeji zake. Nikasema nataka ule wa kawaida. Akasema kawaida ya nani? Watu wakageuka. Nikaona mmoja unaning'inia, una kichwa cha bluu kama wa ile skrini iliyokufa. Nikaunyooshea kidole. Akasema huo ni VGA, je, nimeangalia skrini yangu kwanza? Nikasema nimeiangalia. Kweli nilikuwa nimeiangalia. Kwa mbele.

Matokeo: kichwa cha bluu kimeingia kwenye kompyuta vizuri kabisa, hadi na viskrubu vyake viwili. Nikashika upande wa pili, nikazunguka nyuma ya skrini. Hakuna tundu la bluu! Kuna vinywa viwili tu. Kimoja kipana, cheupe, kina vitundu vingi kama kichujio. Kingine chembamba kama mdomo wa sanduku la posta. Nikachungulia nyuma ya kompyuta. Nayo inacho hicho chembamba. Kwa hiyo nilichohitaji ni waya wa mdomo mwembamba huku na huku. Nilijisifu sana kwa ugunduzi huu. Doto akaniuliza mbona nacheka na ukuta.

Nikarudi kwa Cosmas kubadilisha. Akaniona nikiwa bado mbali, akapaza sauti: "Dada wa skrini! Imewaka?"

Duka zima likanitazama.

Nikasema imewaka, asante sana, shikamoo. Cosmas ana miaka kama ishirini na mitatu. Akasema marahaba.

Pale sirudi tena mpaka nizeeke.


Jumatano, 7 Mei

Akili imefanya kazi. Kuna Mzee Valentino, fundi redio wa karibu na reli. Watu wanasema hakuna waya asioujua. Shida ni jinsi ya kumwonyesha ule mdomo. Kuibeba skrini katikati ya soko siwezi, kila mtu atauliza. Nikajaribu kuuchora. Kwa mtu wa tisini na mbili, sikuelewa ilikuwaje ukatoka kama kaburi.

Ndipo nikakumbuka wachonga funguo! Wao hugandamiza ufunguo kwenye sabuni, umbo likabaki. Nikakata kipande cha sabuni ya mche ya Mama, nikakianika juani kikalainika kama ugali wa mgonjwa. Doto alipotoka kwenda kula, nikakigandamiza kwenye mdomo wa skrini kwa nguvu zangu zote, nikahesabu hadi mia, nikakivuta. Umbo safi! Limepungua kidogo tu kwenye kona, kuna kipande kimebaki mahali fulani. Sikujali.

Mzee Valentino nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nikamtajia Baba. Akataka babu. Nikamtajia. Akasema babu yako! Kumbe enzi za mkonge kule Rudewa alimtengenezea redio ya mbao. Nikasikiliza habari za redio hiyo, na ya msimamizi wake, na ya shemeji wa msimamizi. Saa nzima na dakika arobaini. Mzee akiongea humkatizi. Miguu ikafa ganzi.

Alipotulia kumeza mate, nikatoa leso, nikaifungua, nikamwonyesha sabuni.

Alifurahi kupita kiasi! Akasema binti amelelewa huyu, vijana wa leo wanakuja kwa fundi mikono mitupu na hawajali kwamba kutwa nzima fundi anashika grisi. Akavuta beseni. Akanawa. Vidole, viganja, viwiko. Nikautazama mdomo wa skrini ukiyeyuka na kuwa povu. Unamnyang'anyaje mzee sabuni iliyo mkononi?

Akajifuta, akaniuliza nilikuwa na shida gani.

Nikasema nilikuja kukusalimia tu, Babu.


Alhamisi, 8 Mei

Nimepiga umbo la pili asubuhi, nikigandamiza zaidi. Doto akaingia ghafla. Akauliza mbona ofisi inanukia kama siku ya kufua. Nikasema nadumisha usafi. Akasema Injinia, hata mbu leo wamenawa.

Safari hii nimelilinganisha umbo langu na waya wa king'amuzi cha nyumbani. Niliuchomoa alfajiri, nikaja nao ndani ya daftari. Umeandikwa HDMI. Mdomo mwembamba! Nikaupeleka kwenye skrini. Umegoma. Nikaugeuza. Umegoma. Nikautazama vizuri: huu wa king'amuzi umekatwa pembe mbili za chini. Mdomo wa skrini umekatwa pembe moja tu. Pembe moja! Kitu kidogo kama kucha ya mtoto.

Nikapiga hesabu ya kuondoa. Cosmas alitaja majina manne. La bluu ni VGA, silo. La king'amuzi ni HDMI, silo. Chini ya mdomo mpana mweupe pameandikwa DVI, na kwenye kompyuta mdomo huo haupo, kwa hiyo silo. Limebaki DisplayPort! Nikapangusa vumbi pembeni ya mdomo mwembamba nione kama na wenyewe umeandikwa. Umeandikwa. Herufi mbili: DP.

Ilikuwepo tangu Jumatatu. Niliiona. Nilidhani ni jina la fundi.

Maduka mengine matatu ya Kilosa hayana waya wa DP. Anao Cosmas. Nimepita mbele ya duka lake nikiwa nimejifunika khanga kichwani. Akanipigia kelele kuuliza kama skrini haijambo. Nikasema haijambo, inakusalimu.

Nyumbani nimekuta msiba. Mama amekosa marudio ya tamthilia yake kwa sababu king'amuzi hakina waya. Ameita mafundi wawili. Nikasubiri atoke nje, nikaurudisha, nikasema labda tuombe kwanza. Tukaomba. Picha ikaja. Mama amemsimulia jirani.


Jumamosi, 10 Mei

Mama alikataza kuuliza. Hakukataza kusalimia! Nimekwenda Mikumi na mkungu wa ndizi, kumjulia hali Mjomba. Mpango: atauliza habari za skrini, nami nitavuta pumzi kwa huzuni, naye ataelewa mwenyewe.

Nimefika hotelini saa nne. Mjomba alinipokea kama mgeni wa serikali. Chai, chapati, mayai. Kisha akauliza, tena kwa sauti iliyojaa fahari, je, ile skrini inafanya kazi?

Pumzi ya huzuni haikutoka. Nilimwona alivyokaa kwenye ncha ya kiti akisubiri jibu. Nikasema inafanya kazi vizuri mno Mjomba, rangi zake kama bustani.

Akapiga makofi. Akamwita mpishi, dada Regina, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikaongeza maua.

Baada ya hapo nikakaa tu. Nikaonyeshwa stoo. Nikaonyeshwa nyani aliyeiba mkate, yupo juu ya paa la jiko na hana aibu hata kidogo. Nilimwonea wivu. Saa saba nikaonyeshwa jiko lenyewe. Na huko, kati ya misumari miwili, imefungwa kamba nyeusi ya kuanikia aproni. Mwisho wa kamba una kichwa. Kichwa kimekatwa pembe.

Moja!

Mjomba akaitwa getini kupokea mboga. Nikaanza kufungua fundo. Fundo la mtunza stoo si mchezo. Aproni sita zikaanguka sakafuni. Regina akaingia, akauliza nafanya nini. Nikasema nasaidia kuanua. Akanishukuru sana, akaniletea vikapu viwili vya vitambaa vya meza nivikunje. Nimekunja arobaini na moja.

Alipotoka nikajifunga waya kiunoni chini ya kitenge, nikaweka kamba ya katani kwenye misumari, nikazirudisha aproni. Nikatoka kwa utulivu mkubwa. Mjomba alikuwa mlangoni. Akanitazama kwa nyuma, akasema: "Perpetua, mwanangu, umeota mkia."

Nikaeleza yote. Nikiangalia viatu vyangu. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta, Regina akaja, akaelezwa upya, wakacheka wawili. Kumbe alidhani kila ofisi ina waya zake, ndiyo maana aliubakiza. Ningepiga simu Jumatatu, Jumanne ungekuwa Kilosa kwa basi lile lile. Nikamwambia Mama alikataza. Akasema dada yake huyo! Akanipa na kuku hai, nimpelekee Shangazi, shemeji asije akasema walimpa kitu nusu.

Nimerudi Kilosa na waya upande mmoja na kuku upande mwingine. Yule kuku alikuwa na sauti kuliko mimi.


Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimekwenda steshenari na ufunguo wa Shangazi. Kwenye kompyuta waya umeingia: ta! Sauti tamu ajabu. Kwenye skrini umegoma.

Nimeugeuza. Nimeusukuma. Nimesali. Unaingia nusu kucha, halafu unagota. Basi siyo wenyewe! Watalii wana DP yao, sisi tuna yetu. Nimepiga magoti mbele ya skrini nikiwa sijui niseme nini.

Doto akaja kuchukua mwavuli wake, akanikuta pale chini. Akauliza kama sasa tunaiabudu. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema mwaka juzi yeye ndiye aliyeamia ndege Kilangali. Miezi miwili. Sauti ilimkauka, aliporudi watu wakawa wanampigia simu wanasema samahani kaka. Akasema safari hii hataki, anaomba tu hata yeye Mungu amsikie.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba ni adui yangu, nikanyamaza.


Jumatatu, 12 Mei

Siku ya hukumu. Saa moja na nusu tulikuwa wote: Shangazi na mikono kiunoni, Doto na mashine yake, mimi na waya usioingia.

Mteja wa kwanza alikuwa dada Nalepo, anayeleta maziwa kutoka Rudewa. Alikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu, barua ya kikundi chao cha akina mama wauza maziwa. Wanaomba wapewe sehemu ya soko yenye kivuli, maana juani maziwa yanachacha kabla ya saa tano. Kamati ya soko inakaa leo saa nne, na haipokei barua iliyoandikwa kwa mkono. Akiipeleka leo, watasikilizwa. Asipoipeleka, mpaka kikao kijacho baada ya miezi mitatu. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza nani mwandishi.

Nikasema mimi. Ila tusubiri kidogo.

Akaja kunichungulia nikisukuma waya. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza mbona kompyuta yetu inanuka sabuni ya kufulia. Akasema yeye kutwa anasafisha vibuyu vya maziwa, sabuni iliyojificha anaijua hata kwa hatua kumi. Akauelekeza mwanga wa simu yake kwenye mdomo wa skrini. Ndani kumejaa! Nyeupe, ngumu, imekauka kama chokaa.

Shangazi akauliza sabuni imefikaje humo.

Nikasema labda ni vumbi la Mikumi.

Doto akasema: "Vumbi la kwao linatoa povu?"

Nalepo akaomba kijiti cha meno. Akakwangua taratibu, kwa kona, kwa kona, akipuliza, huku skrini ikiwa haina umeme. Alinicheka kwa upole, akasema yeye ameshatoa vitu vibaya zaidi ndani ya vibuyu. Doto akaleta pamba na spiriti ya kusafishia mashine ya kopi. Tukaacha pakauke. Nikachukua waya, pembe kwa pembe.

Ta!

Ikawaka! Kubwa, bluu, inang'aa mpaka barabarani. Shangazi akapiga kigelegele. Muuza nyanya akaja kuangalia. Nalepo akanipa mkono. Nilimtazama Doto. Alikuwa anakunja mwavuli wake polepole, na mimi nilijisikia mtu mkubwa na mtu mbaya kwa wakati mmoja.

Shangazi akasema haya, mwandikie mteja barua.

Mawazo yangu hayakuwa yamefika hapa.

Shuleni, kibodi tulichora kama mistatili mitupu. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya kila mstatili kuna herufi, na kwamba herufi zenyewe hazifuatani. M niliipata haraka. K nikaitafuta upande usio wake. Saa mbili na nusu nilikuwa na "MKUUUUUUU". Saa tatu kasoro nikawa nimeipunguza. Saa tatu na dakika tano nilikuwa na mstari mmoja, nikabonyeza vitu vitatu kwa pamoja, picha yote ikalala ubavu. Nikamwambia Nalepo siku hizi zinaandikwa hivyo. Akainamisha kichwa begani, akasoma, akasema mdogo wangu, wajumbe wa kamati wana shingo za kawaida.

Akatazama saa ya ukutani. Hakusema tena utani. Akakunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja. Nikaona vidole vyake. Nilitaka kusema siwezi. Neno lilifika hadi kwenye meno. Shangazi akauliza kama tunakaribia kumaliza. Nikasema tunakaribia.

Doto akaniondoa kwenye kiti. Kwa kiuno tu, kama unavyosukuma mlango. Akabonyeza viwili vitatu, picha ikasimama wima. Akaandika bila kuangalia vidole, akimuuliza Nalepo jina la mwenyekiti, idadi ya wanachama, namba ya simu. Dakika kumi na moja. Hata akasahihisha mahali palipoandikwa vibaya. Ikachapishwa, ikagongwa mhuri, Nalepo akatoka mbio na barua kifuani. Saa tatu na dakika arobaini.

Shangazi akakaa chini. Akasema aliahidi skrini ikiwaka ninabaki, na imewaka, na anashukuru, na kwa kuku pia anashukuru. Lakini wateja hawaji kutazama skrini. Akaniuliza pale pale kama kompyuta naijua au siijui. Nikasema naijua, isipokuwa hiyo sehemu ya kuandika.

Kilangali.

Saa sita Nalepo alipita kutuambia barua imesomwa, wamepewa ubavu wa soko wenye bati, kuanzia wiki ijayo. Alimwachia Doto nusu lita. Mimi aliniachia kijiti cha meno kipya.

Doto akanisindikiza hadi nje. Akasema nikirudi baada ya mavuno, jioni jioni atanifundisha kuandika, si kazi, ni wiki mbili tu. Nikamjibu nashukuru ila hakuna haja, leo vidole vilikuwa na baridi.


Ijumaa, 16 Mei

Kilangali. Siku ya nne juu ya dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya mpunga. Kutoka hapa unaona mashamba hadi macho yanachoka. Ndege wanakuja kwa makundi kama moshi. Jumanne nilijaribu kupiga kelele. Ilitoka "samahani". Hawakuruka hata wawili.

Lakini leo mambo yamebadilika! Shamba la jirani lina Mzee Mathayo, anayeamia ndege tangu kabla Mama hajazaliwa. Asubuhi alikuja na kombeo la katani, akauliza kama nalijua. Kabla sijafungua mdomo akasema bila shaka, ninyi mmesoma. Sasa mzee ameshasema bila shaka, mimi nani nimpinge? Nikasema nalijua.

Nikaweka jiwe. Nikazungusha kama nilivyomwona akizungusha. Nikaachia. Jiwe lilikwenda nyuma. Likapita juu ya kofia yake, likatua kwenye kona ya shamba ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, na kundi zima lililokuwa limejificha likila huko likaruka! Mia! Mia mbili!

Mzee Mathayo alivua kofia. Akasema miaka yote hiyo hajaona mtu anayelenga bila kugeuka. Akaniuliza nimejifunzia wapi.

Nikamwambia ni mazoezi tu, Babu.

Kesho saa moja asubuhi anawaleta wajukuu zake sita niwafundishe. Nimekubali. Nimeshapanga kila kitu. Nimesisitiza jambo moja tu: wote wasimame mbele yangu. Nyuma si salama.